Ankara ya Barafu, Machi

Sheria niliitunga mwenyewe, Jumamosi moja,
umeme ukiwa umekatika Igogo na jenereta inakohoa uani:
jibu lifuate swali lake.
Barua iliyotoka jalada la Mabondo, majibu yake yarudi Mabondo.
Ya Forodha, Forodha. Ya Maabara, Maabara.
Nisiguse, nisichague. Mashine yenyewe ijue njia
kama ng'ombe ajuavyo zizi lake jioni.

Bosi akaja kusimama nyuma ya kiti changu,
akakuta kikasha cheupe kama sahani iliyolambwa.
"Nabwire, sasa hii ndiyo ofisi."
Nikavimba kichwa, sikatai.
Mwaka mzima nilikunywa chai yangu ingali moto.

Kisha akaja mkaguzi, akataka ankara za barafu,
miaka mitatu, zote.
Nani huikumbuka barafu?
Huletwa alfajiri, hupondwa, humwagwa juu ya sangara,
ikifika mchana ni maji tu yanatafuta mfereji wa kurudi ziwani.
Nikafungua jalada. Zilikuwepo, kwa tarehe,
na katikati yake, kama punje za mchele ndani ya chuya,
barua arobaini na moja
za Shangazi Nyanjiga wa Nansio.

Nikakumbuka. Machi ile kidole kiliteleza,
nikamtumia yeye ankara ya tani mbili.
Alifurahi. Alidhani ni salamu.
Na kwa kuwa hajui kuanzisha barua mpya,
anajua kubonyeza Jibu tu
(mtoto wa jirani alimfundisha hicho kimoja),
kila alichotaka kuniambia
alikibebesha mgongoni mwa barafu.

Jibu: Ankara ya barafu, Machi.
"Mihogo imekauka. Mvua ilitaka kutuwahi, tukaianua mbio."

Jibu: Ankara ya barafu, Machi.
"Jino limeng'olewa. Daktari mwenyewe kijana, mkono mwepesi."

Jibu: Jibu: Jibu: Ankara ya barafu, Machi.
"Kimya kingi kina mshindo, mwanangu.
Mshindo wako sijausikia."

"Cherehani ya bibi yako imepata mnunuzi, mtu wa Ukara.
Nilikuwekea wewe. Niambie kabla ya Pasaka."

Pasaka nilikula pilau kwa jirani, Kirumba,
nikasema kwa sauti, mdomo umejaa:
Shangazi siku hizi kanisahau.

Inayofuata ina mstari mmoja.
"Imeenda. Nimenunua bati."
Halafu wala hakununa: dagaa wamepanda bei,
mbuzi kazaa mapacha, mmoja hanyonyi,
na nyumba haivuji tena, njoo ulale usikie mvua inavyopiga.

Mkaguzi akagonga meza kwa kalamu. "Kuna tatizo?"
Nikasema hakuna, hesabu zinakubali.
Na kweli zilikubali. Hakuna kilichopotea,
hilo ndilo lililonikaba:
kila kitu kilikuwa mahali pake.

Jioni, watu wa zamu wakivua mabuti mlangoni,
nikaifungua ile sheria, kidole juu ya Futa.
Sikuifuta. Kesho wateja wa mabondo wataandika
na mimi ni mtu mmoja.
Niliongeza chini yake maneno mawili:
isipokuwa Nyanjiga.

Dirishani ziwa lilikuwa na rangi ya bati jipya,
mawe yamekaa majini kama watu waliochoka kusubiri feri.
Nikabonyeza Jibu.
Kichwa cha barua nikakiacha vilevile, Barafu, Machi,
maana kingine angedhani ni matapeli.
Nikaandika, Shangazi,
nikafuta, nikaandika tena, Shangazi,
nikatafuta neno la kuombea radhi,
yote yalikuwa marefu mno kwa simu yake ndogo.

Shangazi, zilitosha bati ngapi?